Mama Mkwe na Bahari ya Mediterania

Tangu nilipooa hadi mwaka 2018, sikuwa nimemtazama mama mkwe wangu usoni hata mara moja. Sitii chumvi. Sauti yake niliijua, kishindo cha viatu vyake nilikijua, na kile kikohozi chake cha kumwonya mwenye akili ajiondoe nilikijua kuliko honi ya gari langu. Uso wake niliujua wa kwenye picha ya harusi tu, na hata hapo amevaa kofia kubwa. Kwetu, magharibi ya Kenya, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja wao hupinda akajitosa kichakani mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, na heshima ya namna hii ina kazi nyingi kuliko chuki.

Ipo njia ya kulegeza mwiko huo, kwa mbuzi na blanketi mbele ya wazee wa pande zote mbili. Sisi hatukuwahi kuifuata. Kila tuliporudi nyumbani likizo tulikuta matanga ya mtu, na mbuzi akaishia huko.

Kijijini utaratibu huu ni mwepesi kwa sababu vichaka vipo. Johannesburg utapinda uingie wapi? Tulikuwa tunaishi Midrand, katika nyumba zile zilizounganishwa kuta, zenye geti moja na mlinzi mmoja, wakati mama mkwe alipopata kiharusi na mke wangu akaenda kumchukua ili amuuguze. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelala. Mguu aliuburura, na mkono ulikuwa umejikunja kifuani kama wa mtu aliyebeba kuku asiyetaka amponyoke. Hayo niliambiwa na mke wangu. Mimi nilikuwa nimeshahama nyumbani kwangu.

Nilihamia chumba cha mfanyakazi kilichokuwa kando ya gereji. Kumlaza mama mkwe huko ingekuwa matusi, na kulala ndani naye ingekuwa matusi zaidi, kwa hiyo nikabeba mto wangu nikaenda. Majirani wakaelewa walivyoelewa. Mlinzi wa getini, Mkongomani wa Lubumbashi, alinionea huruma sana. "Papa, vumilia tu," aliniambia asubuhi moja aliponiona natoka kule na mswaki mdomoni. "Bibi zetu banakuwaka vile." Nilipomweleza kwamba mke wangu hana neno, ni mama yake amekuja, alisimama wima akanipigia saluti. "Ah, kumbe ni bukwe! Basi weye uko mutu wa heshima, papa." Kwao pia wanao mwiko huo, na wanauita hivyo. Tangu siku ile alikuwa akinifungulia geti kama anamfungulia balozi.

Kila nilipofika jioni nilipiga honi ili mama apate muda wa kuingia chumbani kwake. Mwenyekiti wa kamati ya majengo akaja kulalamika kuhusu honi, nikaacha honi nikaanza kuimba nyimbo za kanisani kuanzia nje ya gereji. Mazungumzo yetu yote yalipita kwa mke wangu. "Mwambie mume wako chai iko tayari," mama alisema, mimi nikiwa nyuma ya mlango, nasikia kila neno. "Mwambie mama nashukuru," nilijibu. Binti yetu, aliyezaliwa hapa hapa na anayeelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, aliamini kwa muda mrefu kwamba mimi na bibi yake tumegombana. Alikuwa akituombea kabla ya kulala.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na somo lake lilikuwa jiografia. Mke wangu alikuwa mwanafunzi wake, maskini, na bado anakumbuka jinsi alivyochapwa kwa kuisahau Adriatiki. Mama aliichora Bahari ya Mediterania ubaoni kwa chaki bila kutazama kitabu, kutoka Gibraltar hadi Suez, na Italia ikining'inia katikati. Mwaka baada ya mwaka aliichora na kuifuta. Lakini bahari yenyewe, bahari yoyote, hakuwahi kuiona. Hata Mombasa hakufika. Daima kulikuwa na mtoto wa kupeleka shule au ng'ombe wa kuuguza.

Kisha, katikati ya 2018, kampuni yetu ikanipeleka kusini mwa Hispania kwa wiki kadhaa kujifunza mitambo mipya ya maghala. Shule za Johannesburg zilikuwa zinafunga kwa likizo ya baridi, mke wangu akachukua likizo yake, na mama hangeweza kuachwa peke yake. Mke wangu alipomweleza mji wenyewe uko wapi, mimi nikiwa jikoni nyuma ya mlango wangu wa kawaida, nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu mpaka dirishani. Nilidhani amekataa.

"Mwambie mume wako," mama alisema mwishowe, "nikifika huko nitaingia ndani ya ile bahari. Sio kuangalia. Kuingia."

"Mama, na huo mguu?" mke wangu akauliza.

"Nimewafundisha watoto wa watu habari za maji ambayo sijawahi hata kunawa. Nitaingia mara moja tu. Baada ya hapo Mungu afanye na huu mguu atakavyo."

Daktari wake alisema hakuna ubaya, mradi maji yawe matulivu na ashikwe na mtu mwenye nguvu. Mke wangu akasema atamshika yeye. Mke wangu nampenda sana, lakini ni mdogo wa mwili, na ndoo ya maji ikijaa humshinda. Ningesema nini, na kwa mlango gani?

Ndani ya ndege tulikaa mbali, wao nyuma, mimi mbele. Mke wangu alikuwa na wasiwasi kwamba tutakesha chini ya paa moja, na mama akamwambia ndege haina paa, ina mbawa. Kule Hispania kampuni ilinipa fleti, nikawaachia wao, nikaenda kulala kwa mwenzangu wa kazi orofa ya chini. Nilijadiliana na nafsi yangu kama jengo la orofa nyingi lina paa moja au mengi, nikaamua kwamba dari ya mtu ni paa lake.

Jumapili ya kwanza mke wangu alimpeleka mama ufuo wa mjini. Upepo ulikuwa mkali, mawimbi yalikuwa yakipiga ukuta na kurusha povu barabarani, na watu walibanana kama sokoni. Mama aliegemea fimbo yake ukutani akatazama. Mke wangu hakuthubutu kumsogeza hata hatua. Waliporudi mama hakula. Jumapili iliyofuata, upepo ule ule. Mke wangu aliniambia kwamba mama ameanza kusema haidhuru, na hilo neno liliniuma, kwa sababu mama si mtu wa haidhuru. Ni mtu wa kuchapa watoto kwa ajili ya Adriatiki.

Nikaanza kuuliza kazini. Mwenzangu yule wa orofa ya chini akaniambia kuna hifadhi ya taifa kando ya bahari, milima na pwani yake yote inalindwa kwa sheria, na ndani yake kuna ufuo mdogo wa mchanga uliokaa katikati ya vilima viwili. Upepo hauufikii, alisema. Maji yanatulia kama ya beseni. Zilikuwa zimebaki siku chache turudi Johannesburg, na Jumamosi ilikuwa moja tu. Nilijipa kazi ya kupanga. Nilipanga basi, nikapanga kofia ya mama, mwavuli, kiti cha kukunja, maji ya kunywa, dawa zake, mkeka. Nilifikiria mguu wake kutoka mlangoni hadi majini. Nilijiona mwanamume wa maana sana. Jambo moja tu sikulifikiria, na nitalieleza tukifika.

Magari hayaruhusiwi kuingia kule wakati wa kiangazi. Unaacha gari kijijini, unapanda basi la hifadhi. Nilikaa mbele na dereva, wao wakakaa nyuma. Tulikuwa tumeiacha Midrand na baridi yake, nyasi zimekauka na kuungua kando ya barabara kuu, na sasa dirishani kulikuwa na vilima vyekundu na vyeusi vya mawe ya volkano, na juu yake mkonge. Mkonge! Nilidhani macho yangu yananidanganya. Mkonge ule ule wa Voi, umesimama kwa safu, na chini yake vikindu vidogo vinavyotambaa ardhini. Nilimsikia mama kule nyuma akimwonyesha binti yangu, kwa sauti ya darasani, akimwambia hiyo ni mimea ya nchi kavu na aitazame vizuri.

Mahali basi lilipotushusha palikuwa na kibanda, na mhifadhi mmoja, mama wa makamo mwenye kofia ya kijani, alitueleza masharti. Usiokote kitu. Jiwe, kombe, ua, mchanga, vyote vibaki. Hata yale majani makavu ya baharini yaliyolundikana ufuoni msiyaguse, alisema, yanaulinda mchanga. Niliganda hapo nikimsikiliza. Mimi naishi katika jiji lililojengwa na watu waliokuja kuchimba na kubeba. Ukitoka kwetu kwenda kusini ya Johannesburg unapita milima ya njano iliyo takataka ya dhahabu, udongo uliotolewa chini ukasagwa ukatupwa, na upepo wa Agosti unaurusha hadi machoni pa watu. Na hapa kulikuwa na mlima mzima na bahari nzima, na mtu analipwa mshahara kuhakikisha kokoto haiondoki. Nilitaka kumshika mkono yule mhifadhi. Nilisema asante tu, akanitazama soksi zangu.

Njia ilipanda kidogo halafu ikafika ukingoni. Mimi nilikuwa nyuma sana kwa sababu ya adabu, kwa hiyo waliona kabla yangu, nikawaona wamesimama migongo kwangu. Nikajificha nyuma ya mkonge. Kutoka pale nikaona na mimi.

Sijui kueleza rangi ile. Nimejaribu mara nyingi kwa watu wa kanisani na wananiambia ndiyo, bluu. Si bluu. Karibu na mchanga maji hayakuwa na rangi kabisa, hata ukaona vivuli vya watu chini yao kama vile wamesimama hewani. Halafu yakawa kijani cha majani machanga, halafu kijani kizito palipokuwa na majani ya bahari, halafu kitu ambacho sina neno lake, kikaenda hivyo mpaka kikagusa mbingu. Vilima viwili vyeusi vilikuwa vimeukumbatia mchanga huku na huku. Hakukuwa na wimbi. Maji yalikuwa yakipanda ufuoni taratibu na kurudi, yakipumua. Nilikuwa mtu mzima, mwenye gari na bima, na nilishika jani la mkonge ili nisianguke, likanichoma.

"Kule mbele ni Afrika," nilimsikia mama akisema. Alikuwa amenyoosha fimbo. "Ukienda moja kwa moja. Kushoto ni Italia, mbali sana huko. Kulia ni Gibraltar, ndiyo mlango." Akaishusha. "Nilikuwa naichora ndogo."

Tukashuka. Na sasa ndiyo nieleze lile ambalo sikulifikiria. Ufuo uliofunikwa na vilima pande mbili ni ufuo ambao kila mtu anamwona kila mtu. Hakuna kona. Hakuna kichaka. Niliutafutia mguu wa mama mkwe mahali pasipo na upepo, nikasahau kabisa kwamba mimi nina macho. Na watu wa pale walikuwa wamevaa vile wanavyovaa watu wa huko, yaani bure. "Hawa wamezaliwa leo?" mama aliuliza. Mke wangu alikuwa anacheka hadi anakohoa. Kisha akakumbuka, akageuka kunitafuta, na kwa ishara ya mkono akaniuliza, na wewe je?

Nilienda mwisho kabisa wa ufuo, mahali mwamba mweusi ulipoingia majini, nikakaa nimeipa bahari mgongo. Suruali ya kitambaa, shati la mikono mirefu, viatu, soksi. Nimepanda ndege nikavuka bara zima, na sasa natazama jiwe. Nililitazama kwa hasira mwanzoni. Halafu, kwa kuwa sikuwa na kingine, nikaanza kuliona. Lilikuwa na mashimo madogo madogo, na katika kila shimo lililobaki na maji kulikuwa na wakazi. Vikonokono vilivyojibandika, samaki wadogo kama kucha, kitu chekundu cha nyama laini kilichojifumba kivuli changu kilipopita. Chumvi ilikuwa imekauka katika mistari myeupe. Nikawaza kwamba vyote hivi vimekuwa hapa, siku zote, wakati mimi nimekwama kwenye robot za Midrand, zile taa za barabarani, nikimtukana mwenye teksi. Hasira ilinitoka.

Nyuma yangu nilisikia wanaanza. Mama alikuwa amevaa gauni refu la kitenge na fulana juu yake. Nilisikia maji ya kwanza, na mama akasema "Ah!" kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, sauti ya msichana. Halafu nikasikia kishindo na mke wangu akipiga kelele. Mchanga chini ya maji ulikuwa ukiumeza ule mguu mbovu, na mke wangu hakuweza kumhimili. Waliketi wote wawili kwenye maji yasiyofika goti. Wakasimama, nikasikia tena kishindo. Mara ya tatu mke wangu alikuwa analia. Kijana mmoja wa pale, kwa sauti yake nene, akaja kujitolea kumbeba.

"Mwambie namshukuru," mama alisema, "lakini mimi sio gunia la bandarini."

Binti yangu akaja mbio, akasimama kati yangu na jiwe langu. Aliongea kwa Kiingereza chake cha shule. Aliniambia bibi ameketi pale pembeni maji yanamgusa miguu tu, na anasema imetosha, turudi nyumbani. "Lakini haijatosha, Baba," akasema. "Wewe ndiye mwenye nguvu. Kwa nini usimbebe?"

Nikamweleza habari za heshima. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ukimwangalia, kitatokea nini?"

Baba yangu hakuwahi kuniambia kitatokea nini. Nilimwambia watu watasema.

"Watu gani?"

Nikageuza shingo kidogo, upande usio na mama, nikawatazama watu. Mzee mmoja wa Kihispania alikuwa amelala chali na gazeti usoni, hana nguo ya maana. Hakuelekea kuwa na la kusema kuhusu ukoo wetu. Lakini si hilo lililoniinua. Liliniinua lile neno la mama, imetosha. Ndege yetu ilikuwa Jumatatu. Nilijua kama anavyojua yeye kwamba hakutakuwa na mara nyingine, na kwamba mwanamke yule atarudi kwenye chumba chake Midrand, atakaa dirishani atazame ukuta wa jirani, akiwa ameifikia bahari yake ikaishia kwenye vifundo vya miguu.

Singeweza kumwendea hivi hivi. Nilivua viatu na soksi, nikatembea kinyumenyume. Najua nilivyoonekana. Mwanamume mzima mwenye suruali ya kazi, anatembea kinyumenyume ufuoni, anaongozwa na mtoto anayesema kushoto, kulia. Hata yule mzee aliondoa gazeti. Nilisimama niliposikia maji kwenye visigino.

"Mwambie mama niko hapa," nilisema nikiwa nimewapa mgongo.

"Mama," mke wangu alisema, na sauti ilikuwa bado na machozi, "anasema yuko hapa."

Maji yalikuja yakarudi, yakaja yakarudi. Niliogopa. Niliogopa kwamba nimemvunjia heshima mbele ya mjukuu wake, na kwamba atanyanyuka na fimbo yake aondoke, nami nitaishi gereji maisha yangu yote.

"Mwambie afunge macho," mama alisema.

Nikafunga, nikageuka. Mke wangu akanishika viwiko akanipeleka, akaniinamisha. Nikapitisha mkono mmoja nyuma ya mgongo na mwingine chini ya magoti, nikamnyanyua mama mkwe wangu. Alikuwa mwepesi mno. Mtu ambaye nilikuwa nimemkimbia miaka yote hiyo hakufika uzito wa gunia la unga. Nilimsikia anapumua haraka haraka karibu na sikio langu, na moyo wake ulikuwa unagonga kifuani kwangu, au labda ulikuwa wangu.

Tukaingia. Maji yalikuwa baridi vifundoni, yakapanda magotini, yakajaza mifuko ya suruali yangu yenye kadi ya kazini. Mchanga ulikuwa laini unateleza chini ya nyayo. Mke wangu hajui kuogelea, na maji yalipomfika kiunoni akaniachia viwiko. "Mimi naishia hapa," alisema. Basi nikabaki mimi, sioni kitu, na mama mikononi, na sikuwa na mtu wa katikati.

Nilisimama. Sikujua mbele kuna nini.

"Mkwe," sauti ikasema, pale pale sikioni. "Kuna jiwe. Pita kulia."

Lilikuwa neno la kwanza kuniambia maishani. Nilipita kulia.

"Haya. Songa. Bado. Songa tu, ni mchanga. Samaki wanapita miguuni pako, usiogope. Songa." Alinielekeza kama anavyoelekeza mtoto kushika chaki. Maji yakafika kifuani kwangu, yakamfika yeye, nikahisi uzito wake unapungua na kupungua mpaka mikono yangu ikawa haibebi chochote.

"Hapa," alisema. "Sasa fungua macho, mwanangu. Mtu hawezi kuja mpaka Mediterania akaona giza."

Nilifungua. Mwanga ulinipiga hata sikuona kwa muda, halafu nikamwona. Alikuwa na macho ya mke wangu. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa unacheka na upande mwingine ulikuwa unajaribu, maji yalikuwa yakitiririka kwenye mikunjo ya mashavu yake, na nyuma yake kulikuwa na bahari yote, ile rangi isiyo na jina, mpaka Afrika. Kitenge kilikuwa kimefunguka na kutanda juu ya maji. Na ule mkono wa kushoto, ambao wauguzi wa Johannesburg walikuwa wakiunyoosha kila wiki nao ukijikunja tena, ulikuwa umejilegeza wenyewe, umefunguka, vidole vimetandazwa juu ya maji. Mama aliutazama kwa muda mrefu, kama wa mtu mwingine. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona.

"Niachilie," alisema.

"Mama, utazama."

"Hii bahari ina chumvi kuliko bahari nyingine nyingi. Nimeifundisha. Niachilie."

Niliiteremsha mikono yangu polepole. Hakuzama. Alilala pale juu ya maji, masikio ndani, uso juani, na bahari ikampandisha na kumshusha kidogo kidogo pamoja nayo. Nilibaki na viganja vyangu wazi chini ya mgongo wake, bila kumgusa, mpaka aliposema mwenyewe kwamba ametosheka.